Maji Niliyomwekea Baba

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji haipendwi na mtu. Ina uchungu kidogo, ina vumbi na mvuke ndani yake, inakwaruza koo na kuganda kwenye nguo mpaka siku ya kufua. Wengi wakiisikia hupunga mkono mbele ya pua na kusogea kando. Mimi husimama. Kwetu, ng'ambo ya Tseikuru, sikuwahi kuisikia hata mara moja mpaka nilipofika darasa la tatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa sababu moto wa kwetu haukuzimwa kwa maji. Wakati wa kiangazi maji yalikuwa mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na nyanya yangu, mama yake baba, angekuona unayamwaga motoni angedhani umerukwa na akili. Moto kwetu ulifunikwa. Jioni, chakula kikishaiva, ulichagua kaa nene la mgunga, ukalilaza kwenye shimo dogo katikati ya mafiga, ukalifunika kwa majivu laini, kisha ukayakandamiza kwa kiganja, polepole, kama unayemlaza mtoto. Ukikandamiza sana, kaa linakosa pumzi na kufa. Ukiyaacha majivu yamelegea, linajila lenyewe na asubuhi huna kitu. Ukifanya vizuri, alfajiri unafukua kwa kijiti, unaweka nyasi kavu, unapuliza mara tatu, na nyumba inaamka.

Nyanya alinifundisha kazi hiyo nikiwa na miaka saba, na nasema bila haya kwamba niliiweza kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Dada zangu walifunika na asubuhi wakatumwa kwa jirani kuomba kaa. Mimi sikuwahi kutumwa. Kiberiti kilikuwepo, lakini nyanya alikiweka ndani ya kikasha pamoja na kadi za kanisa, na kukiomba ilikuwa kama kuomba ng'ombe. Moto ule ulikuwa na umri kunishinda. Ulikuwapo kabla sijazaliwa, ukipokewa kutoka jioni moja hadi nyingine, na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilitembea kijijini nikiwa na kiburi cha mtu mwenye cheo.

Baba yangu, Kilonzo, alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ilikuwa ya magogo yaliyochongwa, mingine aliirithi kwa baba yake, na kila mmoja ulichomwa alama ya ukoo wetu kwa chuma cha moto. Ilining'inia kwenye miti ya bonde moja upande wa Mto Tana. Kisha serikali ikaja ikaweka mipaka, na bonde lile likawa ndani ya hifadhi ya wanyama, miti, mizinga na nyuki wenyewe. Wazee wengi walikata tamaa wakaacha. Baba hakuacha. Alikwenda kwa askari wa gemu, kama tulivyowaita walinzi wa wanyamapori, akarudi, akaenda tena, mpaka akapewa karatasi moja yenye muhuri. Karatasi ile ilimruhusu kuingia kurina asali mara mbili kwa mwaka kwa masharti ambayo aliyajua kwa moyo, ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa kubabaisha. Asikate mti mbichi. Asiingie na mbwa wala mshale. Moto awashe mahali pamoja tu, juu ya jiwe tambarare lililo wazi, na kabla ya kuondoka auzime kwa maji na askari auhakikishe. Akivunja sharti lolote, karatasi inachukuliwa na hatarudishiwa. Asali ile ndiyo iliyotusomesha na ndiyo iliyomfanya baba kuwa baba. Karatasi ile ilikuwa uhai wetu, na hata sisi watoto tulilijua hilo.

Kiangazi kile alinichukua mimi. Nilipewa jina la nyanya, kwa hiyo baba hakuniita kwa jina langu. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kama ilivyo desturi kwa binti aliyerithi jina la mama wa mtu. Kazi yangu ilikuwa punda na moto. Tulitembea siku nzima, punda akiwa amebeba madebe mawili ya maji na vithembe, vile vyombo vya mti vya kuwekea asali, tukapokewa mpakani na Koplo Mwakio. Alikuwa Mtaita mrefu, mpole, mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini hata kwenye joto lile. Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha baba aliponisimulia. Kila asubuhi ya kuondoka alikuwa akija pale kwenye jiwe, akichutama, akichomeka mkono wake wote ndani ya majivu na kukaa hivyo kidogo, kama daktari anayepima mgonjwa. Baba alinieleza kwamba alifanya hivyo kila safari, na kwamba askari asiyeweka mkono huyo si askari.

Tulirina siku mbili. Jua likielekea kuzama, baba alipanda na kienge cha moshi, akateremsha masega kwa kamba, nami chini nikiyapokea na kulamba vidole kila alipoangalia kwingine. Harufu ya asali mbichi, moshi na ngozi ya punda, zikichanganyika, ndiyo harufu ya furaha kwangu mpaka leo. Lakini jioni ya pili nyuki wa mti mkubwa wa babu walikasirika. Baba alishuka uso umevimba, jicho moja limeziba, na hakulala vizuri kwa homa. Asubuhi maji ya madebe yalikuwa yamekwisha, kimebaki kibuyu kimoja tu. Alinikabidhi.

"Mwaitu, mwaga yote hapo kwa moto," aliniambia. "Uzime kabisa. Mimi nafunga mizigo."

Nilisimama juu ya jiwe lile na kibuyu mkononi. Nilimwona baba akipapasa kamba za mizigo kwa jicho moja, midomo imepasuka. Nilifikiria njia ya kurudi, jua lile, bila tone. Kisha nikautazama moto, makaa manne tu ya mgunga, na nikaona upumbavu wa watu wa serikali wasiojua kwamba moto unaweza kulazwa. Nikayakusanya makaa kwenye ufa wa jiwe, nikayafunika, nikakandamiza kwa kiganja. Sijawahi kufunika vizuri kama siku ile. Kibuyu nikakificha chini ya gunia, upande wa pili wa punda.

Koplo tulikutana naye njiani, akiwa na wenzake wawili, wanatembea mbio. Walikuwa wameona nyayo za majangili upande wa mto.

"Mzee Kilonzo, moto umezima?" aliuliza akiwa bado anakwenda.

Baba alinigeukia mimi. "Umezima, Mwaitu?"

"Umezima," nikasema. Sikuona kama nadanganya. Moto uliolala haumdhuru mtu, ndivyo nilivyojua.

"Basi nyinyi endeni," Koplo akasema. "Wewe nakuamini. Siwezi kurudi huko saa hizi."

Nyumbani, moto hufunikwa ndani ya nyumba, penye kuta. Hilo sikuwa nimelifikiria. Karibu na adhuhuri, tulipofika juu ya kilima, upepo ulikuwa umeanza, ule upepo wa kiangazi unaopeperusha hata kokoto. Baba aliketi, pumzi imemwishia. Ndipo nikachomoa kibuyu changu kwa fahari na kumpa. Alikunywa kwa pupa, maji yakimtiririka kidevuni, na moyo wangu ulijaa. Halafu akaacha kunywa. Alikitikisa kibuyu karibu na sikio lake.

"Mwaitu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "haya maji ni ya wapi?"

"Nilikuwekea," nikasema.

Aligeuza shingo akatazama tulikotoka, nami nikatazama. Moshi ulikuwa umesimama juu ya bonde.

Baba alikimbia na jicho lake moja, nami nyuma yake nikimvuta punda, nikilia. Tulipofika, Koplo na wenzake walikuwa tayari wanapiga moto kwa matawi. Majangili wao walikuwa wamewaacha waende. Watu wanne walipigana na moto ule mpaka alasiri, ukafia kwenye mchanga wa korongo. Ulikuwa umekula mteremko mzima na mti mkubwa wa babu pamoja na mizinga yake mitano. Nta na asali vilipokuwa vikiungua, hewa ilijaa utamu mzito, kama wa harusi, na tumbo langu likanguruma kwa njaa. Aibu ya tumbo lile sijaisahau. Koplo alipita mbele yangu akiwa amebeba kobe mikononi, soksi zake zimekuwa nyeusi, akamweka kivulini karibu na miguu yangu.

Kituoni kwao, sajini mmoja mwenye daftari ndiye aliyetuhoji. Aliuliza ni nani aliyeachiwa kazi ya kuzima moto. Nilifungua mdomo. Mkono wa baba ukanishika bega, na haukuwa mkono wa kukaripia.

"Ni mimi, afande," baba alisema. "Mtoto alikuwa na punda."

"Na masharti si unayajua?"

"Najua yote, afande. Niliona uvivu."

Baba yangu, aliyetembea mara ngapi sijui kuitafuta karatasi ile, alijiita mvivu mbele yangu kwa uso uliovimba. Koplo Mwakio akasogea mbele na kusema kwamba na yeye hakuweka mkono, na hilo pia liandikwe. Alinitazama alipokuwa akisema, na nadhani alijua. Sajini aliandika yote mawili. Kisha akanyoosha mkono, na baba akatoa karatasi mfukoni, iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, akampa. Hatukuingia tena bonde lile. Koplo naye alihamishwa kabla ya mvua, na sikumwona tena.

Tulifika nyumbani kesho yake jioni. Baba aliwaeleza mama na nyanya hadithi ileile ya uvivu wake, na nyanya akamsema mpaka akachoka. Mimi nilikaa karibu na mafiga. Muda wa kufunika moto ulipofika, nyanya aliniashiria kwa kidevu kama kawaida. Nikainuka, nikachota maji mtungini kwa kata, nikayamwaga yote juu ya moto ule wenye umri kunishinda. Ulipiga kelele, mvuke ukajaa nyumba, na ndipo nilipoisikia harufu ile kwa mara ya kwanza. Nyanya alisimama na fimbo yake. Baba akaingia kati.

"Mwache, mama," alisema. "Mwache tu."

Alfajiri alikwenda mwenyewe kwa jirani, mtu mzima, na kigae mkononi, akarudi amebeba kaa. Kwa miaka mingi baada ya hapo sikufunika moto tena, na hakuna aliyeniambia nifunike. Baba alijaribu kutundika mizinga karibu na nyumbani, nyuki wakaja wachache, asali ikawa ya kujaza kikombe. Akageukia mbuzi. Hakuwapenda. Aliwaita majina ya kejeli na kuwachunga kama adhabu, na mimi nilisomeshwa kwa mbuzi hao mpaka nikawa mwalimu huko Kilungu.

Hatukulizungumza jambo lile, yeye na mimi. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwisho, nilipokuwa nikimtembelea, alikuwa akipenda kukaa jikoni nikipika. Jioni moja, watu wakiwa wametoka, aliutazama moto kwa muda, kisha akanitazama.

"Mwaitu, funika moto," akasema. "Hakuna anayefunika kama wewe."

Nilifunika. Machozi yaliangukia majivu, naye akajifanya haoni, akisifu ukubwa wa kaa nililochagua. Asubuhi lilikuwa hai.

Siku hizi napikia gesi, nazungusha kitufe na moto unakuja kama mtumishi. Wajukuu wangu hawajui kupuliza moto, na sioni sababu ya kuwalaumu. Likizo iliyopita walinipeleka kupiga kambi ndani ya mbuga, tukalipa langoni kama wageni wengine, tukaonyeshwa mahali pa moto palipozungushiwa mawe. Maji yalikuwa kwenye bomba, hatua kumi tu. Asubuhi ya kuondoka mjukuu wangu mdogo, msichana aliyerithi jina langu, aliambiwa azime moto. Alimwaga kikombe kimoja, akarukaruka juu ya majivu kwa viatu vyake, akakimbilia gari. Akaja askari, binti mdogo mwenye redio ya mkononi, akachutama. Nilipoona anakunja mkono wa shati, nikashikilia kiti. Aliuchomeka ndani ya majivu, na mara akauchomoa akiupuliza.

"Bado iko na moto hapa chini," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Ni nani amezima hii?"

Mjukuu wangu aliinamisha kichwa.

"Ni mimi, afande," nikasema, na nikaenda kuchota maji.