Gemu Tulilolikalia Kilio

Kila mwaka ifikapo Oktoba, mabomba ya kupasha joto yanapowashwa kwenye majengo ya Stockholm, nyumba hunuka vumbi lililoungua. Harufu hiyo haikai sana, kisha pua inaizoea. Wenzangu kazini hufungua madirisha na kulalamika. Mimi hunyamaza nikaivuta, maana ndiyo harufu iliyokuwa ikitoka kwenye mashine yetu ya gemu ikishapata moto, na ikinifikia tu namwona bibi yangu amekaa kwenye sofa letu kule Jordbro, kitongoji tulichokulia, kitenge magotini, akimuuliza kaka yangu kwa nini watu wa kwenye televisheni hawapigi hodi.

Bibi tulimwita Koko, kama wanavyoitwa mabibi wengi kwetu Kongo. Alikuwa mama yake mama. Nyumbani tulikuwa Koko, Baba, kaka yangu Patrice na mimi mdogo wao. Mama hakuwepo, na kila nilipouliza yuko wapi nilijibiwa neno moja: anatafutwa. Tulipokimbia vita kule Kivu, tukiwa tumekaribia mpaka, mama alirudi nyuma kumchukua mdogo wake, akawaambia wenzake watangulie. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Koko, sikumbuki chochote. Tulimngoja kambini hatukumwona. Tukaletwa Sweden bila yeye, na Baba akaandikisha jina lake kwa watu wanaotafuta waliopotea. Simu yake ikilia, Baba aliacha chochote alichoshika. Hata kama ni mtu anayeuza umeme wa bei nafuu, alimpokea kwa sauti ya mtu anayeomba.

Neno lile mimi nililipenda. Niliamini kwamba kinachotafutwa hupatikana, kwa sababu kila nilichopoteza Koko alikipata chini ya kitanda. Kwenye pendel, treni ya kwenda mjini, niliwatazama wanawake weusi mmoja mmoja, nikisubiri mmoja wao anitambue. Wengine walinitabasamia, na mimi nikachukulia kwamba tumekaribia.

Gemu lenyewe Patrice alilipata kwenye mitumba ya kanisani: mashine kuukuu, kaseti moja na maneti moja, ndivyo sisi Wakongomani tunavyokiita kile kishikio chenye vitufe. Halikuwa gemu la mbio za magari. Ilikuwa hadithi ndefu ya watu wanne wanaozunguka dunia kwa miguu wakimtafuta mfalme mwovu, na ilijaa maneno, yote ya Kiingereza. Patrice, aliyekuwa darasa la saba, alisoma kimoyomoyo kisha akatusimulia kwa Kiswahili, pale aliposhindwa akatia Kiswidi. Watu walikuwa vijipande vya rangi vya ukubwa wa kidole gumba, bila midomo. Koko hakujali. Alijua nani ana hasira za haraka na nani mvivu, na alikuwa na yake ya kusema juu ya kila mmoja.

Kilichomkera ni adabu. Wale mashujaa waliingia nyumba za watu moja kwa moja, wakafungua makabati, wakavunja mitungi kutafuta dawa, kisha wakatoka bila kuaga, na wenye nyumba walikuwa wamesimama palepale wakiwaangalia. Koko alikataa katakata kuangalia wizi. Ikabidi Patrice aseme "hodi" kwa sauti kila alipofika mlangoni, na kazi yangu mimi ilikuwa kuitikia "karibu." Mitungi tuliiacha mizima, na nadhani hapakuwa na watoto wengine Stockholm nzima waliolicheza gemu lile kwa umaskini kama sisi.

Mwanzoni kabisa gemu lilikupa nafasi ya kuwaandikia wale wanne majina. Shujaa, Patrice alimpa jina lake. Mtoto mwenye uchawi wa moto akampa langu. Mzee wa upanga akamwita Tonton, yaani mjomba. Wa nne alikuwa msichana mganga, asiyejua kupigana lakini akinyoosha mkono wenzake wanapona. Huyo Patrice alimwandika Aline. Hilo ndilo jina la mama yetu. Hakuomba ruhusa, na Koko, aliyejifunza kusoma kwa Biblia ya Kiswahili, aliziangalia zile herufi moja moja. Tangu siku hiyo, vita vikiwa vikali, alikuwa akisema, "Anza na Aline. Mumupe dawa yeye kwanza." Patrice akijaribu kumweleza kwamba mganga ndiye mwenye dawa, hasikilizi.

Ilikuwa Jumamosi ya baridi, theluji nje, Baba yuko kazini kwenye ghala upande wa viwandani. Mashujaa wetu walikuwa wanafukuzwa, wakafika kwenye lango la chuma ambalo lazima mtu alishike kwa ndani ili wengine wapite. Aline alibaki kulishika. Patrice alisoma maneno yake yaliyotokea kwenye kioo, Koko akamhimiza atuambie. "Anasema," Patrice akasema, "ninyi tangulieni."

Lango likafungwa. Muziki ukakatika, kioo kikawa cheupe. Picha iliporudi, kwenye orodha ya majina palikuwa na matatu tu.

"Jina yake iko wapi?" Koko akauliza.

Patrice alijibu kwa Kiswidi kwamba si kitu, tusubiri kidogo. Shuleni kwake kulikuwa na uvumi kwamba msichana yule anaweza kuokolewa: ukirudi nyuma kwenye kijiji fulani, ukaongea na mzee fulani, ukampelekea ua fulani, hafi. Kila mtoto alimjua mtu aliyewahi kufanya hivyo, ila huyo mtu kila mara alisoma shule nyingine. Patrice alikwishaanza kurudisha gemu pale alipokuwa amelihifadhi.

"Zima, Patrice."

"Koko, naweza kumrudisha. Nipe muda kidogo tu."

"Mutoto amekufa. Mu nyumba ya kilio hakuna michezo. Zima."

Patrice akazima. Koko alivua kitenge chake cha magotini akaifunika televisheni. Akatuamuru tusukume sofa ukutani, tutandike mablanketi chini, kisha akaenda akaufungua wazi mlango wa mbele, kama unavyoachwa kwenye nyumba yenye msiba, na baridi ya ngazini ikaingia. Akakaa chini akanyoosha miguu. Akaanza kulia kwa maneno, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu, akimwita Aline, akimuuliza amemwachia nani hawa watoto, akimsifu alivyokuwa akipika na alivyokuwa mbishi. Nilishangaa kidogo kuhusu mapishi, maana kwenye gemu hakuna aliyewahi kula. Lakini yule mganga nilimpenda kweli. Nikajipenyeza katikati ya miguu ya Koko, nikalia hadi kamasi.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Bi Rehema wa ghorofa ya chini. Huyu alikuwa Mtanzania, Mwislamu, aliyekuja zamani kusoma akabaki akifanya kazi maabara. Alizoea kumtania Koko kwamba Kiswahili chake kimevuka mpaka bila pasipoti, na Koko naye humwambia cha kwake kimekaa sana darasani. Siku ile alikuwa anapanda na mifuko ya sokoni ampelekee Koko ndizi. Akaona mlango wazi, akaona sofa ukutani. Aliweka mifuko ngazini, akavua viatu, akajitanda mtandio vizuri, akaja kukaa chini bega kwa bega na Koko.

"Poleni sana, mama," alisema. "Nani ametutoka?"

Nilifungua kinywa nimweleze habari ya lango la chuma. Patrice akanishika mkono kwa nguvu.

"Aline," Koko akasema.

Bi Rehema alimjua Aline ni nani. Mara ngapi alikuwa ameambiwa anatafutwa. "Habari imefika lini?"

"Haikufika. Haitafika. Mimi nimechoka kuingoja."

Niwaambie ukweli: maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili na hayakuniingia. Kwangu mimi, Aline aliyekufa alikuwa yule wa kwenye televisheni. Yule mwingine alikuwa anatafutwa.

Bi Rehema alipiga simu, na muda si mrefu nyumba ikajaa. Walikuja akina mama wa kanisa letu, wengine kutoka Tumba, mmoja akatoka Husby, upande wa pili wa mji, akiwa bado na sare yake ya kazi ya kutunza wazee. Walileta wali, sambusa, chupa za chai, wakaingia jikoni bila kuuliza, maana mfiwa hasimami jikoni kujipikia mwenyewe. Wakaimba taratibu kwa sababu ya majirani. Mimi nilikula sambusa nyingi kuliko heshima ya msiba inavyoruhusu, nikiwa na fahari kwamba gemu letu limewatoa watu wote hao majumbani mwao.

Kisha Baba akarudi kutoka kazini. Giza la majira ya baridi lilikuwa limeshaingia ingawa ilikuwa bado alasiri. Alisimama mlangoni na koti lake la ghala, akaona wanawake wamekaa chini, akaona televisheni imefunikwa, nyimbo zikakatika. Kila mtu mle ndani isipokuwa mimi alijua Baba anaweza kusema nini. Nyumba ilikuwa yake, na mtu aliyekuwa akingoja kuliko wote alikuwa yeye. Akisema mke wangu hajafa, wale wanawake wangebeba vyombo vyao wakaondoka, na Koko asingekuwa na pa kulilia.

"Mama," alimwambia Koko kwa ile heshima ya mkwe, bila kumwangalia usoni. "Nani amekuambia?"

"Hakuna mutu aliniambia, Papa Patrice. Ni mutoto wangu. Uniache nimulilie."

Baba alibaki amesimama hadi nikaogopa. Simu ilikuwa mfukoni mwake, niliuona mkono wake umeifunika kwa juu ya kitambaa. Bi Rehema akasogea, akampa nafasi ukutani. "Karibu ukae, Baba Patrice," alisema. "Pole sana." Na Baba akakaa. Akainamisha kichwa juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akilia. Nikamwegemea. Nilidhani hata yeye, aliyekuwa akitukemea kwa kumaliza umeme, kumbe alimpenda mganga wetu.

Kilio kilipokwisha tukarudisha sofa mahali pake. Patrice hakuiweka tena ile kaseti, na mimi sikumwomba. Baba akaanza kupokea simu kama watu wengine. Neno anatafutwa likaacha kutumika nyumbani kwetu, na kwa utoto wangu sikugundua limeondoka.

Miaka ikapita. Patrice akahamia kwake. Mimi nilikuwa sekondari niliposikia kwamba gemu letu limetengenezwa upya. Waliolitengeneza walilifanya lote kutoka mwanzo: watu wana nyuso na nywele zinazopeperuka, muziki wa vile vinanda vya kulialia sasa unapigwa na fidla za kweli, na kila mtu anaongea kwa sauti yake. Zaidi ya hayo, kwa kuwa wachezaji walikuwa wamelalamika miaka nenda rudi, safari hii waliweka njia ya kumwokoa yule msichana. Uvumi wa shuleni kwa Patrice ulikuwa umefanywa kweli. Nililiazima maktaba, kwetu huku maktaba huazimisha hata magemu, nikaja nalo nyumbani nikikimbia.

Koko alikuwa amezeeka, macho yana ukungu, na nilifurahi kwamba sauti zitamsaidia. Nilimkalisha karibu yangu kila baada ya shule. Nilimpelekea yule mzee ua lake, nikafanya kila kilichotakiwa. "Koko," nilimwambia, "safari hii hafi."

Tukafika kwenye lango la chuma. Mambo yakawa kama walivyoahidi: mzee akatokea, akalishika yeye, na msichana akapita. Alicheka huku anahema, wenzake wakamkumbatia. Mimi nilikuwa nalia. Koko alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza ile sauti.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Nikamtajia jina la Kizungu walilompa. Katika gemu jipya huwezi kuwaandikia majina, kwa sababu sauti zimekwisha kurekodiwa na wanaitana kwa majina yao.

"Basi uyo haiko wetu," Koko akasema, bila ukali wowote. "Mumuache aishi. Wetu tulimulilia."

Nikaanza kumweleza kwamba ni huyuhuyu, jina tu ndilo limebadilika. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika maneti. "Mama yako, mutoto wangu. Ile siku tulisukuma sofa. Nilijua ulikuwa mudogo."

Kwenye televisheni wale wanne walisimama wakipumua, wakibadilisha miguu, wakisubiri nibonyeze. Nilikasirika, siwafichi. Nilikasirika kwamba mama yangu alililiwa mbele ya macho yangu na mimi nilikuwa nahesabu sambusa. Nilimwambia Koko kwamba mimi siku ile sikumlilia mama, nilililia gemu.

"Ulilia," alisema. "Mimi nilikuwa nakusikia."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Koko hakudanganyika hata dakika moja. Alijua vijipande vya rangi ni vijipande vya rangi. Alikuwa mzazi aliyenyimwa kaburi, na karatasi, na hata mtu wa kuja kumpa habari, na desturi yetu haina njia ya kuanza kilio bila mtu kutamka kwamba fulani amekufa. Yeye hakuweza kutamka. Baba hakuweza. Ikabidi iandikwe kwenye kioo cha televisheni, na mjukuu wake aisome.

Siku hizi watu wakiniuliza mama yangu alizikwa wapi, nasema sijui, na ni kweli, hakuna anayejua. Lakini wakitaka kujua alililiwa wapi, hilo naweza kuwaonyesha kwa kidole. Ni Jordbro, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Watu walikuja, waliimba, mume wake alikaa chini. Nami nilikuwepo.