Kambi ya Kwenye Televisheni

Jirani yangu akiwasha jenereta, ule moshi unanirudisha Kitshanga, mashariki mwa Kongo, mbele ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Kila Jumapili baada ya misa alitoa televisheni nje barazani, nasi watu wa kambi ya waliokimbia vita tukasimama kwenye matope kutazama.

Siku moja aliweka mchezo wa kuchekesha wa Waingereza. Lugha hatukuielewa. Tuliona vijumba vya mbao vimepangwa mistari, kipaza sauti kikiwaamsha watu, na wafanyakazi wenye makoti ya rangi moja wakiwapeleka kula. Watu waliotuzunguka walicheka. Mama yangu alijishika shavu.

"Maskini. Vita gani njo iliwafukuza?"

"Hapana, Mama," mwenye duka alimjibu taratibu. "Hawa hawakukimbia. Walilipa ili wakuye kupumuzika. Juma ikiisha, kila muntu anarudia kwake."

"Na nyumba, wanaikuta ingali iko?"

"Wanaikuta."

Mchezo ule uliendelea kila Jumapili, na tangu hapo Mama hakukosa hata moja. Hakucheka. Alisimama na kitenge chake kilicholowa mpaka jenereta izimwe, akingoja kuwaona wale wa kwenye televisheni wakifunga mizigo na kurudi kwao.

Siku hiyo ya kurudi hawakuionyesha kamwe.