Kibuyu Alichokunywa Bibi

Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo, namwona mama amekaa kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa upya, na bibi, mama yake baba, akimpaka mafuta taratibu kama anayempaka mtoto mchanga. Ilikuwa miaka ya hamsini, kijijini kwetu milimani, mwendo wa nusu siku kutoka Igowole. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na siku hiyo msiba ulikuwa unafungwa. Nilikuwa na miaka minane na, msinicheke, nilichofurahia ni kwamba tungekula nyama.

Kwa desturi ya ukoo wetu, mjane alipewa kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, ampe mwanamume wa ukoo atakayemrithi. Ilisemekana anachagua. Lakini wa kuchaguliwa alikuwa mmoja tu, baba mdogo, mwenye wake wawili tayari na mkono mwepesi wa kuwapiga. Tangu asubuhi alikuwa amevaa koti la marehemu baba, mikono yake ikimfunika vidole, akakaa mbele kabisa asije akasahaulika.

Mama alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akampita baba mdogo, akapiga magoti mbele ya bibi.

Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "We mama, huyo ni mkweo, si mwanamume!"

Bibi alikipokea kibuyu. Alikunywa, akanywa hadi nikaogopa atapaliwa, kisha akajifuta mdomo kwa upindo wa kaniki.

"Nimekunywa mimi," akasema. "Kuanzia leo huyu ni binti yangu. Anayemtaka, aje aniambie mimi."

"Na mimi je, mama?" akauliza baba mdogo.

"Wewe umerithi koti. Linakutosha."

Watu waliangua kicheko, maana koti halikumtosha hata kidogo, lilimpwaya.

Miezi michache baadaye alikuja mgane mmoja, mkulima wa pareto kutoka Igowole, aliyefiwa na mkewe. Alikuwa mtu mpole, asiyejua aweke wapi kofia yake. Bibi akamwoza mama. Mimi nikabaki, kwani mtoto ni wa ukoo, na hilo bibi hakuweza kulipindua. Nililia hadi sauti ikakauka. Machoni pangu bibi ndiye aliyemfukuza mama. Nilikataa ugali wake siku mbili, na siku ya tatu njaa, mwana malegeza, ikanishinda. Hakunikemea. Kuni na maji, kazi zilizokuwa za mama, sasa alizifanya yeye na mgongo wake ule uliopinda. Nami nilimnunia, si siku moja, bali miaka.

Nilikuwa tayari mke wa mtu shangazi aliponieleza yaliyompata bibi zamani. Yule mume wa bibi niliyemwita babu kumbe alikuwa mdogo wake babu yangu mzaa baba. Bibi naye alipofiwa, bado kijana, alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake na kibuyu mkononi. Mama mkwe alikataa kunywa. Akamgeuza kwa mabega, akamwelekeza kwa shemeji yake.

Niliposikia hayo nililia kuliko siku mama alipoondoka. Bibi alijua atabaki na kuni, na maji, na mtoto wa kumnunia, lakini akamwachia mjane mwenzake aende. Nilitamani kumwomba radhi, lakini alikuwa kaburini mwaka wa tatu.