Nilivyong'oa Mpaka wa Watu kwa Ajili ya Picha

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, na nikiikumbuka hadi leo nashikwa na hasira za kutaka kumpiga mtu. Tatizo, mtu mwenyewe ni mimi.

Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na tisa na ndevu nne. Lakini mimi fildi, yale mafunzo ya kazini, nimeshamaliza, na wewe wa mwaka wa kwanza ndiyo kwanza unatafuta pa kwenda, kwa hiyo kwenye jambo hili mimi ni mzee wako. Kaa chini.

Tulipangiwa Moshi, mimi na Neema, ninayesoma naye upimaji ardhi. Wiki nane, kwenye kaofisi kamoja karibu na stendi. Mimi mtoto wa Tabora. Kwetu nchi ni tambarare, mgeni unamwona kabla hajaamua kuja. Wiki za mwanzo kazi yetu ilikuwa kuchemsha chai, kutoa kopi na kumsikiliza bosi, Bwana Mushi, akijisifia. Ikifika Jumamosi tunatoka mbio kama ndama waliofunguliwa. Wiki hii sokoni Kwa Sadala, wiki ijayo Himo, inayofuata maporomoko ya maji huko juu Marangu.

Siku hiyo ya maporomoko, tukishuka kwa miguu katikati ya migomba, nikaona mimea mitatu ya majani marefu imepandwa kwenye kona, midogo, inafika magotini. Nikaona mapambo. Nikaing'oa yote, mmoja nikajifunga kichwani kama taji, miwili nikashika mkononi.

"Mangi wa Tabora huyu hapa!" nikapaza sauti, maana mangi kwa Wachaga ni mtemi.

Neema akapiga picha huku anacheka, ila akasema, "Wewe, hivyo vitu vimepandwa na mtu."

"Kila kitu huku kimepandwa na mtu," nikamjibu, "hata ukungu."

Nilijiona mchekeshaji kweli. Tulipofika barabarani nikaitupa mtaroni.

Jumanne Bwana Mushi akatuita. Hatimaye, kazi ya tepu na vigingi! Ndugu wawili wa Marangu wanagombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa waliloachiwa na baba yao. Tuliposhuka kwenye gari nikaanza kuitambua njia. Mfereji ule. Kona ile. Mashimo matatu.

Hapo ndipo nilipojua isale ni nini. Huko juu mpaka hupandwa, na isale, mmea uleule wa majani marefu, ndilo linalopandwa. Hao ndugu walikuwa wamenuniana miaka na miaka, mpaka wazee wa ukoo wakawakalisha, wakapatana, na mvua zilizopita wakayapanda masale yale kwa mikono yao, wote wawili. Sasa hayapo. Mdogo mtu alikuwa anamnyooshea kaka yake kidole: "Umeng'oa isale tulilopanda! Basi usinizike, na mimi sikuziki!"

Kaka mtu, Mzee Eliufoo, anayekaribia miaka themanini, alisimama akiegemea fimbo yake. Hakujua lolote.

Na mimi niliyejua nilikuwa nimeshika ncha ya tepu. Mwanafunzi wa upimaji. Nasomea mipaka!

Nikamvuta Bwana Mushi pembeni, nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Futa hiyo," akasema.

"Bosi, mzee anasingiziwa."

"Futa! Unataka isemwe ofisi yangu inang'oa masale halafu inakuja kupima? Kitabu chako cha fildi anasaini nani, wewe au mimi?"

Nikanyamaza. Siku nne, mwanangu. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza hata msibani! Siku nne nikachemsha chai, na kila kikombe nikitamani kummwagia yule bwana, kisha nikijiona kwenye kioo cha dirisha natamani kujimwagia mwenyewe. Jina la mzee wa watu linachafuka, na mimi nalinda saini.

Jumamosi nikapanda Marangu peke yangu. Mke wa Mzee Eliufoo, Bibi Ndeshi, alikuwa anakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmesahau tepu?"

Nikamwonyesha picha. Hakupiga kelele, ningependa apige. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Na hilo taji lilikupendeza?" Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jani moja la isale amelifunga fundo. "Huku kwetu aliyekosa huja na hili. Ukilishika, hakuna wa kukufukuza. Ningekuachia ulichume mwenyewe, lakini mikono yako tumeshaiona."

Mzee akatuma mdogo wake aitwe. Nikapiga magoti uani mbele yao wote wawili, jani mikononi, nikasema yote. Mdogo mtu alikaa chini palepale kwenye nyasi, akafunika uso. Mzee Eliufoo akalipokea jani.

"Nimekusamehe," akasema, "kwa sababu ya jani hili. Wewe mwenyewe bado nimekukasirikia."

"Hata mimi, babu," nikasema.

Siku hiyohiyo wakapanda masale mapya. Mashimo nilichimba mimi, ila miche waliishika wao, kaka na mdogo wake.

Bwana Mushi alipopata habari alinipa alama za mwisho kabisa za kupita, akaandika kitabuni: "Anaongea sana." Ni kweli, naongea sana. Lakini kuna siku nne sikuongea, na alama nilistahili kukatwa kwa hizo.

Basi sikia, mwanangu. Ukienda fildi ugenini, tembea, cheka, piga picha mpaka simu ijae. Ila kabla hujagusa, uliza mwenye mali ni nani, hata kama wewe unaona majani tu. Ukishaharibu, sema siku ileile, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Na mkubwa akikwambia ufute, usifute. Mimi ile picha bado ninayo. Kila nikiwasha simu nakutana na lile jinga lenye taji.

Haya, nenda. Mlima ukufungulie mawingu, chai ya ofisini isikuunguze, na popote utakapopita, pabaki kama ulivyopakuta.