Damu ya Mama, Nane kwa Kumi

Kwa miaka mingi mama yangu aliwauzia watu wa Upper Hill mboga za kuongeza damu, na siku alipopimwa yeye, damu yenyewe ikakosekana. Leo nasimulia nikicheka. Siku hiyo sikucheka, kwa sababu mbeba mboga nilikuwa mimi.

Mama ni mkulima. Shamba lake liko Mutuini, kipande cha mteremko nyuma ya nyumba, na nikiwaambia watu kwamba kuna mtu Nairobi hii anaamka na jembe, wananiangalia kama nawadanganya. Analima managu, terere, kunde na sukuma wiki, na amefuga kuku wa kienyeji. Mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi moja Upper Hill, na naishi karibu na Adams Arcade. Kila Jumatatu nilikuwa naingia kazini na kiondo kimejaa, na wenzangu wanakigombania kabla sijavua koti. Mmoja wao alipokuwa mjamzito, daktari alimwambia ale managu na mayai kwa wingi, nami nikajipiga kifua kana kwamba mayai hayo nimeyataga mimi. "Hizi ni za mama," nilikuwa nawaambia. "Kula wiki mbili tu, uone kama utangojea lifti tena."

Mama mwenyewe alikuwa ameanza kushindwa na mteremko wake. Alikuwa akilima mistari miwili anakaa chini. Kanisani alilala wakati wa kwaya. Kwenye mahubiri tungeelewa, hata baba hulala kwenye mahubiri, lakini kwaya! Mvua ya vuli ilipokuja alipanda nusu ya shamba, nusu nyingine ikabaki na majani.

Hapo ndipo baba alipopata neno. Baba alikuwa dereva wa lori, sasa amestaafu, na majirani wetu wote wamejenga vyumba vya kupangisha. Akaleta lori zima la mawe ya kujengea, akayarundika langoni.

"Mama watoto, umechoka," akasema. "Wacha tujenge, upumzike."

"Nipumzike nifanye nini? Nikae hapo nikiangalia wapangaji wakianika nguo kwenye terere yangu?"

Walibishana wiki nzima, mwishowe wakakubaliana. Masika ikija, mama akiweza kupanda shamba lote kwa mkono wake, shamba litabaki. Asipoweza, fundi ataingia. Baba hakuwa na ubaya. Yeye aliamini kabisa kwamba anamfanyia mkewe wema. Lakini mimi nilimjua mama. Umwondolee hilo shamba, atakaa kwenye kiti na hatainuka.

Mwisho wa Novemba nilifika Jumamosi nikamkuta amekaa juu ya mawe ya baba, midomo imepauka, anatafuna kitu. Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni yake. Odowa! Yale mawe laini ya kutafuna ambayo wanawake wajawazito hununua sokoni.

"Mama, kwani una mimba?"

"Shika adabu yako."

"Sasa haya ni ya nini?"

"Nasikia tu hamu. Ni harufu yake, inanukia mvua."

Basi baba ana mawe yake langoni, na mama ana yake mfukoni. Jumatatu sikubeba kiondo. Nilimbeba mama.

Kliniki niliyompeleka iko nyuma ya ofisi yetu. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kamba. Akamgeuza mama viganja, akamshusha kope za chini, akampima, kisha akarudi na karatasi.

"Mama, damu yako ni nane."

Mama akanigeukia, uso umechangamka. "Nane kwa kumi! Wewe hesabu uliwahi kuleta nane?"

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza polepole kwamba damu haihesabiwi kwa kumi, kwamba mwanamke kama yeye anapaswa kuwa na kumi na mbili kwenda juu, na kwamba ile hamu ya mawe mara nyingi ni mwili unaolalamika. Akamuuliza kama huwa anavaa viatu akilima, maana minyoo inayonyonya damu huingilia nyayoni. Mama akasema ana gambuti nzuri sana, amezihifadhi juu ya kabati. Akapewa dawa ya minyoo, na gambuti zikaamriwa zishuke.

"Na chakula? Huwa mnakula nini nyumbani?"

Mama akataja bila kusita. Managu ya maziwa, kunde, maharagwe, mayai asubuhi, kuku siku za sherehe. Mimi kando yake natikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, nimekula kwake maisha yangu yote. Muuguzi akakuna shingo, akasema basi chakula ni kizuri, akatupa tembe za kuongeza damu, turudi baada ya wiki tatu.

Tuliporudi, damu ilikuwa nane na nusu. Niliwaka! Nje ya kliniki nilimfokea mama yangu mbele ya muuza ndizi, nikimwambia anatupa tembe chooni. Akaapa kwamba hajakosa hata moja. Tulirudi Mutuini, na pale nyumbani tukamkuta baba na fundi wananyoosha kamba kutoka langoni mpaka kwenye mti wa mparachichi.

"Tunapima tu," baba akasema.

"Pima na kaburi langu," mama akasema, akaingia ndani.

Krismasi nilikwenda na watoto wangu wawili, na nilikwenda na jambo moja kichwani. Nilitaka kumwona mama akimeza hiyo tembe kwa macho yangu. Nikavuta kigoda nikakaa mlangoni pa jikoni. Kulikuwa na kuku wawili. Akapakua. Baba akapewa paja na firigisi, kwa sababu kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mama humchomea kando juu ya makaa, akaipaka chumvi, akaiweka juu kabisa ya sahani ili ionekane. Watoto wakapewa mapaja mengine. Mimi nikaletewa kidari. Jirani akapita kutusalimia, naye akapewa. Managu yakaenda mezani, bakuli likarudi tupu.

Kisha nikamwona mama amesimama kando ya jiko, anapangusa sufuria na kipande cha ugali. Akamimina chai ya rangi nyeusi tititi. Akatoa tembe kwenye leso, akaishushia na chai.

"Mama, sahani yako iko wapi?"

Akaniangalia kama nimemwomba kitambulisho.

"Mimi hula baadaye."

"Baadaye ya nini? Chakula kimeisha!"

"Ah, mtu akipika hushiba kwa harufu. Na niko na chai yangu."

Nikahesabu sahani. Mezani zilikuwa nne, na yangu ya tano. Rafuni hakukuwa na nyingine, ila zile za maua za wageni. Hapo ndipo nilipoelewa. Muuguzi aliuliza mnakula nini, na mama akajibu anapika nini. Hakudanganya. Na mimi, mtu mzima niliyelelewa kwenye meza hiyo, nilitikisa kichwa kwa sababu vyote nilikuwa nimevila mimi. Woi, niliona haya! Nililia hapo kigodani na kidari changu mkononi, na mimi nikilia huwa nafoka pia, kwa hiyo nikaenda mezani nikamgeukia baba.

Baba akaacha kutafuna. "Nani amemkataza kula?"

"Hakuna aliyemkataza. Na hakuna aliyewahi kumpakulia!"

Baba alitazama sahani yake, ambayo ilikuwa na mifupa peke yake, na firigisi ilikuwa imekwenda zamani.

Nilimpigia muuguzi baada ya sikukuu. Aliguna mara moja tu, mguno mrefu. Akasema chai ndiyo inayoizuia tembe kufanya kazi, aimeze na chungwa, chai ingoje muda wa saa mbili. Na kuanzia siku hiyo sahani ya mama ipakuliwe ya kwanza.

Kazi hiyo aliichukua baba. Sikumwomba. Akanunua sahani mpya ya bati yenye ukingo wa bluu, na akawa anapakua kama anavyopakia lori, chini vitu vizito, juu vyepesi, anazunguka kukagua. Mama aliaibika vibaya sana. Wiki ya kwanza alikula ametupa mgongo. Wiki ya pili alikula upande upande. Ilipofika ya tatu nikamsikia akimwambia baba, "Ongeza hapo."

Ofisini kiondo kilianza kufika nusu, na siku nyingine hakikufika kabisa. Malalamiko yakawa mengi.

"Mama yako amefunga shamba?"

"Hapana," nikawaambia. "Mama anakula."

Masika ilichelewa kidogo, Mungu alijua anachofanya. Siku ilipoanza niliomba ruhusa kazini nikaenda kukaa pale juu ya mawe, moyo mkononi. Mama alianzia chini kabisa, na gambuti zake miguuni. Saa nne alikuwa katikati. Saa sita alisimama, akashika kiuno, mimi nikasimama pia, baba naye akatoka mlangoni. Kumbe mama alikuwa anafunga tu leso. Alipanda siku tatu mfululizo, na siku ya tatu alifika langoni, akafika kwenye mawe yenyewe.

"Haya, toeni hizi takataka," akasema. "Kuna mistari miwili hapa chini yake."

Baba ndiye aliyempigia fundi simu kumwambia asije. Mawe yakajengewa banda la kuku. Na kule kliniki muuguzi akasoma karatasi, akafuta miwani makusudi, kisha akasema, "Kumi na mbili."

"Kumi na mbili kwa kumi!" mama akapiga kelele, na foleni nzima ikageuka.

Jumapili hiyo tulichinja jogoo. Baba akapakua sahani ya bati kwanza, na juu kabisa, mahali panapoonekana, akaweka firigisi, ambayo mama alikuwa ameichoma na kuipaka chumvi kama kawaida. Mama akaitazama, akamtazama baba, akaisukuma kidogo kwa kidole. Kisha akaitia mdomoni, akatafuna taratibu, macho yamefumbwa, na sisi sote tunangoja.

Akameza. Akakunja uso.

"Kwani imekuwa na chumvi hivi miaka yote?"

Baba akainama akaangalia mikono yake.

"Miaka yote," akasema.