Tangi la Mama Nyumba

Nakumbuka asubuhi moja mjini Kitui, mwanangu, nikiwa msaidizi wa mwakilishi wadi wa upande wa Mutomo. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia hotuba. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na nilivaa tai hata siku ambazo jua la kwetu lingemsamehe yeyote kwa kuiacha nyumbani.

Watu walimwita Mama Nyumba. Tangu aingie bunge la kaunti alikuwa na jambo moja tu mdomoni: nyumba za bei nafuu kwa wauguzi, walimu na wachuuzi waliopanga vibanda vya mabati pale Mutomo. Wenzake walimtania kwamba hata akiombea chakula atamalizia na nyumba. Hatimaye hoja yake ikafika siku ya kupigiwa kura, uchaguzi ukiwa umekaribia.

Tukiwa kwenye chai akafungua mchoro wa mwisho, akautazama hadi chai ikapoa.

"Tangi liko wapi?"

Nikamweleza, kwa upole wa msomi, kwamba nyumba za kisasa hazikingi maji ya paa. Zina bomba.

"Bomba la Mutomo unalijua? Linapiga mluzi tu." Akakunja mchoro. "Leo naomba hoja iahirishwe."

"Mheshimiwa, pitisha kwanza. Tangi tutaweka baadaye. Ukiahirisha, kiti kinaenda."

"Kijana, umewahi kuona serikali ikirudi kwa nyumba kuweka kitu cha baadaye?"

Sikuwa nimewahi. Lakini nilinuna siku nzima, maana hotuba yangu ilikuwa nzuri sana.

Hoja ikaahirishwa, na habari zilitangulia kufika sokoni. Mama mmoja muuza ndengu akamwita kwa sauti, kwa lile neno la heshima la Kikamba, mama yetu, "Mwaitu, nyumba ziko wapi? Umezila?" Watu wakacheka. Mheshimiwa akanunua ndengu, akamweleza habari ya tangi. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wewe tupe nyumba. Ndoo tuko nazo."

Mheshimiwa akashindwa uchaguzi. Bunge jipya likapitisha hoja ileile, matangi yakiwemo, na nyumba zilipokamilika, kijana aliyemng'oa ndiye aliyekata utepe. Aliwashukuru watu wengi. Jina la Mama Nyumba halikuwemo. Sisi tulikaa viti vya plastiki, nyuma kabisa, hadi mvua ilipokatiza hotuba. Wageni wakakimbilia hemani. Mama Nyumba akavuka uwanja hadi nyumba ya mwisho, akaweka kiganja kwenye tangi.

"Kuja usikie," akaniambia. Maji yalikuwa yakiingia.

Mlango ukafunguka. Alikuwa yule mama wa ndengu, ufunguo mpya mkononi. "Mwaitu," akasema, "ingia ndani. Utalowa."

Mwanangu, siku ukipewa kuamua wengine watalala wapi, iwe bungeni, katika kamati ya kanisa au kwenye ploti yako ya kupangisha, usianze kwa kuuliza watakushukuru lini. Uliza watachota maji wapi wewe ukishaondoka. Ukiona kitu kimekosekana, kidai kabla simiti haijamwagwa. Huenda ukapoteza kiti, na sikufichi, inauma. Mimi nilipoteza kazi pamoja naye, na ile tai sikuivaa tena.

Mungu akujalie paa lisilovuja, na mvua inayolipiga iwe na pa kwenda.