Mtu Ambaye Hajaona Gari la Moshi

Pale Bigwa, mlima unapoishia na mashamba ya mtama yanapoanzia, aliishi mchonga vinu mmoja, jina lake Pazi. Alizaliwa juu Mgeta, akashuka na tezo yake ya kuchongea begani angali kijana, akaoa, akajenga, na tangu alipojenga hakuona sababu ya kwenda mahali ambapo kazi haikumpeleka. Watu walipopanda kutazama maporomoko, yeye alisema maji yale ni yale yale ya mtungini, ila hayana adabu. Walipokwenda Boma kutazama bendera ya Wadachi ikipandishwa siku ya kuzaliwa kwa Kaisari, alisema nguo za watu zikianikwa si vizuri kuzikodolea macho. Hakuwa mkaidi. Alipenda tu kukaa kwenye gogo lake mbele ya mlango, kinu kati ya magoti, vumbi la mninga likimwangukia miguuni, na kimya.

Kisha reli ikafika Morogoro.

Siku gari la moshi lilipoingia mara ya kwanza, Bigwa ilibaki na kuku. Hata kipofu aliomba ashikwe mkono, akasema atalitazama kwa masikio. Pazi alikuwa amekaa kwenye gogo, mguu wake umelala mapajani mwa mkewe, Hidaya, aliyekuwa akimtoa funza kwenye kidole gumba kwa mwiba wa mlimau. Funza alikuwa mnene, amejaa mayai, na kazi hiyo haitaki haraka.

"Baba Furaha, nikimaliza tukimbie. Tutalikuta."

"Kidole kinauma," alisema Pazi. "Kesho."

Neno hilo ndilo lililomponza. Kesho yake palikuwa na kinu cha mtu. Kesho kutwa ikanyesha. Mwezi ukapita, majirani wakagundua kwamba katika Bigwa yote ni yeye peke yake ambaye hajaona. Miezi mitatu ikapita, ikasemekana hakuna mwingine kutoka mlimani hadi Kihonda.

"Kwa nini, Pazi?"

"Funza."

Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakatazamana. Funza gani humzuia mtu miezi mitatu? Jambo kubwa lazima liwe na sababu kubwa. Wengine wakasema amekula kiapo kwenye kaburi la mjomba wake. Wengine wakasema jicho lake likiona chuma kinatembea litapasuka. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa vizuri katika masikio ya watu, na mtu asiyetaka kutazama cha Mdachi aliweza kudhaniwa lolote.

Basi watu wa Mgeta walioshuka kutazama gari wakaanza kupitia Bigwa wakati wa kurudi. Kwanza waone gari, halafu wamwone asiyeliona.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi nani?"

"Yule ambaye hajaona."

Wakakaa chini, wakamtazama. Mzee mmoja alimsogelea akachungulia ndani ya macho yake, kama mtu anayepima kina cha kisima. Mtoto mmoja aliyetembea siku mbili aliangua kilio: "Mbona ni mtu tu?" Mama yake akambembeleza, akamwambia asubiri, labda atafanya kitu. Mehboob, mwenye duka mjini, alipopata habari alikuja na jamvi na dele la kahawa, akawa anauza kashata chini ya upenu wa Pazi bila hata kuomba.

Vinu vililala. Pazi akiinua tezo, umati wote ulisema "Aaa!", naye akakata upande. Vinu vitatu mfululizo vilitoka vimepinda midomo kama watu waliosusa.

"Mama Furaha," alimwambia mkewe, "nilichokataa kukifuata kimenifuata nyumbani. Nakwenda kuliona. Nikishaliona nitakuwa kama wao, nao watanirudishia gogo langu."

Alivaa kanzu safi, akashika njia. Hakufika mbali. Kwenye kijito alikutana na Akida Rehani juu ya punda wake, na askari mmoja nyuma. Akida huyu alikuwa mtu wa pwani, aliyewekwa na Wadachi awaangalie watu wa Bigwa.

"Unakwenda wapi, Pazi?"

"Kuona gari la moshi, Bwana Akida."

Akida nusura aanguke. "Marufuku!"

"Lakini kila mtu..."

"Kila mtu si wewe! Nimeandika barua Dar es Salaam. Bwana Mkubwa anakuja baada ya siku kumi, na nimemwahidi kwamba katika eneo langu yupo mtu ambaye hajaona. Ukiona, umenifanya mwongo kwa Mzungu. Ukiona, hamsa ishirini."

Viboko ishirini na vitano havina mjadala. Pazi alirudi, na askari akawekwa nyumbani kwake kumlinda asije akaona. Firimbi ya gari ikilia huko stesheni, askari alimsukuma ndani na kuufunga mlango. Kutoka Bigwa gari lenyewe halikuonekana, ila amri haikusema lolote kuhusu kuonekana. Siku moja moshi ulipanda juu ya miembe, wakabishana kama moshi nao ni gari. Askari alifikiri sana. Mwishowe wakakubaliana kwamba moshi ni nusu ya gari, kwa hiyo Pazi ameruhusiwa kuutazama kwa jicho moja.

Siku ikafika, na tatizo likafika nayo. Bwana Mkubwa alitaka mtu huyo aletwe stesheni, asimamishwe kando ya gari lenyewe. Utampelekaje mtu kwenye kitu asichotakiwa kukiona? Akida akaamuru Hidaya alete kaniki yake nyeusi. Pazi akafungwa macho mara mbili.

"Nataka mtu mzima wa kumshika mkono," alisema Akida, "na kukilinda hiki kifundo."

"Mimi, Bwana Akida," ilijibu sauti ya mama mmoja. Ilikuwa ya Asia. "Mimi na huyu tunajuana tangu kwa bibi zetu."

Watu wa Bigwa wote wakatazama vidole vya miguu yao. Hakuna aliyemwambia Akida kwamba Asia ni mtani wa Pazi, ukoo kwa ukoo. Siku bibi yake Pazi alipozikwa, Asia alishuka kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa kuku, akatoka, mazishi yakaendelea. Hakuna aliyekasirika. Mtani haudhi, mtani hashtakiwi. Akida aliujua utani wa kwao pwani, lakini wa hapa hakuwahi kuuliza.

Stesheni mji mzima ulikuwa umesimama juani. Gizani mwa kaniki Pazi alisikia harufu ya mafuta ya moto, na kitu kikubwa kikipumua karibu na bega lake, polepole, kama ng'ombe aliyeshiba. Viatu vya Bwana Mkubwa vikamzunguka mara tatu.

"Bwana Mkubwa anauliza, kwa nini hujaona?" alisema mkalimani.

"Funza."

Mkalimani akasema kwa Kijerumani maneno mengi, marefu, yenye huzuni. Kalamu ya Bwana Mkubwa ikasikika ikikwaruza karatasi.

Asia akamwinamia Pazi sikioni. "Mtumwa wangu, unataka nini hasa?"

"Nataka gogo langu, mtani. Kukaa tu. Peke yangu."

"Kuku?"

"Kuku."

"Wawili?"

"Asia, hata jogoo."

Asia akaivuta kaniki, akaitupa hewani, akapiga kigelegele.

Hakuna aliyelitazama gari. Hata dereva alichomoza kichwa dirishani aone uso wa Pazi. Naye Pazi, machozi yakimtoka kwa mwanga, alitazama magurudumu, akatazama bomba, akatazama ubavu mweusi uliokuwa ukitoka jasho kama mpagazi aliyetua mzigo. Akakihurumia kidogo kile chuma. Halafu macho yake yakafika kwenye kuni zilizopangwa nyuma.

"Gogo la tatu lile ni mninga," alisema. "Mnachoma vinu viwili."

"Hamsa ishirini!" alipiga kelele Akida, kidole kikimwelekea Asia.

"Ni mtani wake!" ilijibu Bigwa nzima kwa mdomo mmoja.

Mkalimani alieleza, safari hii kwa ufupi. Bwana Mkubwa aliomba neno hilo litamkwe tena, akaliandika. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Alikuwa ameahidiwa mtu asiyeona, naye amepata asiyeona na aliyeona katika safari moja. Akida alipomwona anacheka, akaona heri acheke naye. Gogo la mninga likateremshwa.

Pazi alirudi nalo begani, na njia nzima hakuna aliyemfuata. Askari aliondoka. Mehboob alikunja jamvi lake.

Asubuhi iliyofuata uwanja ulikuwa na kuku tu, tena wamepungua watatu. Tezo ililia juu ya mninga, koo, koo, koo, na mdomo wa kinu ukatoka wa duara. Mchana kundi la watu wa Mgeta likapita njiani.

"Shikamoo, babu. Kwa Asia ni wapi? Yule aliyemfunua mtu mbele ya Mzungu."

Pazi alinyoosha tezo kuonyesha, wakapita bila hata kumtazama. Wiki haikuisha, jamvi la Mehboob likatandikwa kwa Asia, na Asia mwenyewe akawa hasimulii mpaka mgeni atoe yai.

"Baba Furaha," alisema Hidaya akijifunga kaniki yake, "watu wote wako kwa Asia. Ni sisi tu hatujakwenda. Twende tukatazame."

Pazi alipuliza vumbi kutoka ndani ya kinu. Akakitazama kidole chake gumba, akakichezesha kidogo.

"Kinawasha," alisema. "Kesho."